Pete ya Toroli

Kanyere ameleta toroli lake la maji.
Gurudumu linalia tangu Ndosho hadi hapa
na mkononi ana faranga elfu tatu, basi.

Nailoni ni nzuri, nikamwambia, haina kelele,
ila ikinywa mvua huvimba,
ikaibana ekseli kama mdai aliyekukuta nyumbani.
Bomba jeupe la choo? Jua litalikausha,
siku moja lipasuke kama biskuti
na mabidoni manane yalale njiani.
Ile ngumu inayotoka Kampala
tuliuliza bei, tukanyamaza.

Nikapekua chini ya meza:
kipande cha bomba jeusi, kinene,
masalio ya mfereji uliochimbwa mtaani.
Weusi wake ndio mwavuli wake.
Hakinywi maji. Hakiombi grisi.
Nikakitoboa polepole, nikaacha nafasi ya unywele,
maana saa sita mchana kitanenepa.

"Kitadumu?"

Vumbi la mlima huu hula hata chuma, Kanyere.
Kitalika. Lakini kitalika chenyewe,
ekseli yako ibaki.

Akasukuma. Hatukusikia kitu.
Akarudi nyuma, akasukuma tena.