Mkono wa Kushoto

Apondi wa Obunga hukaanga migongo ya mbuta,
na mafuta yanayobaki huyachuja kwa leso kuukuu,
huyatia katika chupa za dawa ya kikohozi,
akabandika plasta, akaandika: NGOZI.

Mimi ndiye niliyekwenda na daftari.
Nikasema, Mama, ushahidi.
Akamvuta mjukuu wake, Otula, akakunja mikono ya shati:
"Januari ungemwona. Shuka ilikuwa madoa ya damu matupu."
Januari sikuwepo, nikamjibu. Na Machi mvua ilinyesha,
ngozi hupenda mvua.
Alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

Basi, watoto kumi na tisa wenye ukurutu.
Kiwiko kimoja mbuta, kingine alizeti,
chupa mbili za sura moja, A na B,
siri yao ndani ya bahasha,
bahasha ndani ya mkoba, mkoba chini ya kitanda changu.

Siri ilidumu siku moja.
Paka wa Nyalenda waliijua B.
Walimfuata Adoyo hadi mlango wa darasa,
wakaramba kiwiko cha kushoto;
cha kulia walikinusa tu, wakaenda zao.
Mama yake akaniuliza kwa upole:
"Hiyo bahasha, unamficha nani?"

Nikachemsha mchaichai, nikatia kotekote,
tukaanza upya.

Wiki sita. Wekundu niliupima kwa macho,
ukavu kwa kidole,
usiku kwa kuuliza: uliamka mara ngapi?
Kumi na mmoja, kushoto kulitulia kwanza.
Watano, sare.
Wawili, kulia.
Mmoja alihamia Siaya na mikono yake yote miwili.

Kumi na mmoja si haba.
Si hukumu pia.
Na kila jioni kulikuwa na mtu aliyeketi,
akashika kiwiko, akakisugua taratibu,
na huyo hakuwa ndani ya chupa yoyote.
Nikaandika: huenda.

Nilimkuta Apondi akigeuza migongo, moshi ukimliza.
"Huenda," akasema. Akalitafuna. "Huenda.
Hilo nalo linauzwa shilingi ngapi?"
Kisha akaniomba kalamu,
na chini ya NGOZI, plasta ikiwa imebaki pembamba,
akalibana humo, herufi zikipandana: HUENDA.

Mia na hamsini, bei ile ile.
Nilinunua moja.
Nyuma ya goti langu pana mahali
ambapo daftari halijafika.