Fomu ya Tajinisi

Kaka Masalu alizaliwa Bugando.
Chupa ilipasuka, uraia ukaja na maji yake;
hakusaini kitu.
Dada Minza, aliyezaliwa Gitega,
kaurithi kwa baba
kama pua.

Mama ndiye anayepanga foleni Uhamiaji,
Spesiyoza, miaka thelathini na mmoja Igogo
akikaanga mapanki.
Afisa anauliza: Kiswahili unakijua?
Mama anamtazama kwanza.
"Mwanangu, jana ulinikopa vipande viwili.
Ulikopa kwa lugha gani?"

Kalamu ikasimama.
Kisha muhuri, IMEPOKELEWA,
kama sato akitupwa mzanini.

Nje, ananusa stakabadhi.
"Haina harufu," anasema,
na kuifunga kwenye pindo la kitenge,
lile lenye mafuta.