Mwiko

Kwa nyanya yangu mwiko ulikuwa wa kusongea sima,
na pia lilikuwa jambo lisilotendwa:
mwiko kupiga mluzi usiku,
mwiko msichana kupanda paa.
Muhula wa kwanza mwalimu Muthengi akanipa wa tatu,
wa chuma, mpini umechubuka;
aliyekuwa nao kabla yangu alichonga humo herufi P.
"Huu," akasema, "ndio utakaokuuliza maswali."

Mpaka hapo ukuta niliujua kwa daftari.
Saruji moja, mchanga tatu,
niliandika kwa wino wa buluu, nikapata alama.
Lakini mchanga wa daftari haulowi.
Huu wa Julai, nyuma ya karakana,
ulinyeshewa manyunyu usiku kucha,
nasi tukamimina maji ya kipimo, kama tulivyofunzwa.
Ukawa uji.
Sankale akainua beleshi: "Leteni sukari."

Kozi moja chuoni, kozi saba ukutani.
Tukajisifu, tukapigana picha.
Muthengi akaning'iniza timazi,
ile karoti ya shaba kwenye uzi,
akanyamaza, akatupisha tuone wenyewe:
juu uzi uligusa tofali,
chini kidole kizima kilipita.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema ukiujenga, nao ukalala, utafanyaje.
"Bomoeni kabla haujaganda.
Na matofali msivunje hata moja."
Kerubo alilia.
Mimi nilisingizia vumbi,
ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha.

Ijumaa akatutoa, akatupeleka Karura.
Hakuna karai, hakuna sururu kwanza,
ila leso za kufunga macho, wawili wawili:
upande kilima huku mwenzako anakusimulia njia.
Mimi niliangukia kwa Ouma, ambaye darasani hasemi.
"Mzizi," akasema. "Jiwe. Inama, tawi.
Ngoja. Hapo pana utelezi."
Saa nzima alisema, Ouma yule,
na miguu yangu ikajifunza kitu
ambacho macho yalikuwa yakikificha:
ardhi haijawahi kuwa sawa.

Palikuwa na njia ya kushukia mtoni, imeliwa na mvua.
Tukafungua macho, tukajaza maji kwenye mpira mrefu,
Kerubo ncha hii, mimi ncha ile.
Maji yakapanda, yakashuka, yakasitasita,
yakatulia.
Maji hayana cheti, na hayakosei.
Tukapigilia kigingi. Hapa. Na hapa.
Ngazi kumi na moja, za mawe tuliyoyakuta palepale:
kuchimba, kupachika, kukanyaga, kung'oa, kupachika.
Ya sita ilicheza.
Niliing'oa kabla sijaambiwa.

Alasiri akashuka mama mmoja wa raba nyeupe,
anaongea na simu, anamgombeza mtu kuhusu kodi.
Alikanyaga zote kumi na moja.
Hakutazama chini hata mara moja.
Muthengi akatukonyeza:
"Hayo ndiyo matokeo yenu."

Jumatatu ni nadharia. Swali la pili,
wanaotutangulia wanasema, halibadiliki: *Fafanua usawa.*
Nimeketi kitandani, Kayole, vidole vimekakamaa,
kalamu inaniponyoka kama samaki.
Nausugua mwiko kwa msasa.
Ile P imeanza kufutika
pale kidole gumba changu kinapolala.

Mdogo wangu anauliza tunakula saa ngapi.
Nainuka, nachukua mwiko ule mwingine, wa mti.
Maji yanachemka, lakini nasita na unga mkononi.
Naiinamia sufuria, nafumba jicho moja,
nachomeka kijiwe chini ya mguu wa jiko.

Ilikuwa imelala upande,
miaka yote hii,
na sisi tunakula.