Sumaku

Maji yamekupwa mbali, karibu kilomita nzima,
mchanga umebaki na mikunjo kama shuka lililolaliwa.
Maël anakokota sumaku kwa kamba ya kiatu,
ile ya jikoni, iliyokuwa imeshika orodha ya siagi na sabuni.
Kila hatua kumi anaiinua, anatuonyesha:
imeota ndevu.

Ni chembe za chuma, namwambia.
Zimetoka wapi?
Kwa watu waliokuwa wakirushiana.
Mwalimu wake angeeleza vizuri zaidi, tena na tarehe.

Basi la tatu limeegeshwa juu, kando ya ukuta wa Lecouvey.
Wageni wanateremka na makoti ya mvua ya rangi moja,
wananong'ona kana kwamba kuna mgonjwa amelala.
Mzee mmoja anatia mchanga katika chupa ya dawa,
anaifunga, anaifungua,
anaongeza kidogo.

Bibi Sidonie hashuki. Yumo garini, kioo nusu wazi,
anamenya chungwa.
Wakimwuliza habari za siku ile
(na humwuliza, kila Juni, kwa kinasa sauti na adabu nyingi)
yeye huwasimulia ng'ombe.
Ng'ombe wa baba yake, siku mbili hajakamuliwa,
kiwele kimetuna, ngozi inang'aa,
analia hata mizinga ikanyamaza masikioni mwa mtoto.
Akaja kijana, matope hadi kwenye kope,
lugha yake hakuna aliyeijua pale,
akachuchumaa, akavua kofia ya chuma,
akakamulia humo.
Mikono ya mtu aliyekulia zizini, husema Bibi.
Akanywa nusu. Nusu akanipa.
Maziwa yale yalikuwa na ladha ya jasho, na ya chuma.

Jina lake?
Hakulisema. Au alilisema, nami nilikuwa nakunywa.

Ndiyo maana hapandi kule kwenye misalaba myeupe:
hajui asimame mbele ya upi.
Na huenda hayumo. Huenda alirudi kwao,
akazeeka, akagombana na majirani kwa sababu ya ua.

Maji yanarudi, upesi kuliko tulivyodhani.
Maël anakuja mbio, viatu mkononi,
anapitisha sumaku dirishani.
Bibi anaifuta ndevu kwa kidole gumba,
kidole kimelowa maji ya chungwa,
na kabla sijamzuia
amekilamba.

Ikoje? anauliza mtoto.

Anampa kipande cha chungwa.
Funga mlango, anasema. Upepo.