Kasoko Mezani

Hull ni mji usio na kilima.
Hata maji ya mvua hayajui pa kwenda,
yanabaki barabarani yakiwaza.
Humu ndimo mwanangu Muhindo
alimoleta volkeno.

Shule imemwazima kishikwambi, wikendi moja,
na barua: tafadhali kisikae karibu na chai.
Anakielekeza mezani,
kati ya kopo la chumvi na bili ya gesi,
na mlima unaota.

Unafuka moshi. Mistari myeupe inachomoza ubavuni,
kila mmoja umefungwa neno kama mbuzi kambani.
Ukiligusa, mwanamke asiyeonekana analitamka
kwa Kiingereza cha mtu aliyelala akashiba usingizi.
Muhindo anamfuatisha: ganda, kasoko, shinikizo,
yote kwa lugha yao, na jiografia imo humo humo,
nyama ndani ya sambusa,
huuma moja ukaliacha jingine.

Kisha anagusa palipoandikwa lipuka.

Mkono wangu, kabla yangu mimi,
umeshamwondolea mdogo wake kikombe.

"Mama, haiunguzi!" Anacheka hadi kwikwi.

Najua, mwanangu.
Ila mkono huu ulikuwa Goma Januari ile,
una miaka kumi na miwili,
umebeba nusu ya godoro na kuku mmoja.
Ukarudi kupapasa mawe ambayo bado yana joto,
kutafuta ulipokuwa mlango.
Huo moto wenu hauna harufu.
Sikusema hivyo. Nilisema, "Mzuri. Endelea."

Chini kabisa, mstari mmoja hauna neno.
Bi. Pritchard ameuacha wazi:
mzazi aseme, nyumbani mnaliitaje jiwe hili.
Muhindo ananiletea kishikwambi mdomoni
kama anayenilisha.

Nakohoa. Nasema: makoro.

Namwambia pia tuliyajengea nyumba,
yale yale yaliyotubomolea,
lakini nafasi ilikuwa ya neno moja tu.

Jumatatu, watoto ishirini na wanane wa mji tambarare
watagusa jiwe lililopoa
nalo litawajibu kwa sauti yangu, mafua na yote,
na nyuma yake, ukitega sikio,
birika letu likichemka.