Nati ya Nne

Tatu zimetoka. Ya nne imenuna gurudumuni.
Nimeinywesha dizeli tangu jana jioni,
nimeigonga kwa nyundo, polepole,
kama abishaye hodi ukweni.

Khisa akaleta bomba la kisima kilichokauka,
tukaivisha spana, nikalipanda kwa miguu miwili,
boma zima la Misikhu likinitazama nikining'inia.

Aliyeikaza mwisho ni baba,
Aprili, kabla ya miguu kumvimba,
akaongeza robo mzunguko kwa goti:
"Gari la mtu halilegei."

Kutu ikashika alipoachia.

Kwee! Nikaanguka chali matopeni.
Khisa akacheka. Nami.

Nati imo kiganjani, bado ya moto;
sijui niipake grisi
au niiache hivi hivi,
na mkazo wake.