Mhojiwa wa Kumi na Nne

Juma la tatu hili naandika neno "uzee"
ndani ya kisanduku, nabonyeza, nangoja.
Stima ya Maseno ikikubali naletewa wazee wa Uswidi,
wazee wa Osaka na mbwa wao wa mashine,
kisha mlango: lipa dola thelathini na tisa
usome kurasa kumi na mbili.
Kwa hizo nyanya angemeza dawa ya presha miezi miwili
na sukari ya chai ikabaki.

Bwana Nyandega wa maktaba, miwani kaifunga kwa uzi,
alinitazama nikihangaika, akacheka kwa pua.
"Acha kurusha mawe gizani. Shika makala moja nzuri
uende mwisho wake, kwenye marejeleo.
Watu hawasomi mkia, na mkia ndio njia.
Kila jina lina baba, baba naye ana baba,
hata umfikie aliyekwenda mwenyewe, kwa miguu."

Nikafuata. Wa 2019 akamtaja wa 2004,
wa 2004 akaitaja tasnifu ya 1987,
haijachapishwa, iko chini, chumba cha vumbi,
imepigwa taipu yenye herufi "e" iliyovunjika,
kadi ya kuazimia haina muhuri hata mmoja.

Wazee na walezi wao, Maragoli. Jedwali la sita.
Mhojiwa wa 14: mjane, haoni, umri haujulikani,
alizaliwa kabla ya nzige.
Mlezi: mke wa mwanawe, takribani miaka 38,
humwosha kila asubuhi, humsimulia nani kapita njiani.
Boma: nyuma ya soko la Chavakali, penye jiwe lililopasuka.

Jiwe hilo nimelikwea utoto wangu wote.

Nikapiga simu.
"Yule kijana wa baiskeli ya buluu?" akasema nyanya Kageha.
"Alikunywa uji vikombe viwili, akaandika, akaandika.
Akasema atarudi na kitabu tukione.
Mama mkwe alimngoja hadi akafa. Mimi nikaacha."

Mwongozo wa chuo unasema mazungumzo ya simu
hayaingii kwenye orodha ya marejeleo.
Haya. Nimetoa fotokopi kurasa zote, shilingi mia tano na kumi,
nimezifunga kwa kamba ya mkonge,
Jumamosi nampelekea.

Jambo moja tu aliuliza kabla salio halijaisha:
kama yule kijana aliandika
kwamba maji alikuwa akiyapasha moto kwanza.